Mahali Mafuta Yanapoganda

Siku ile, katika ua wetu mjini Baraka, tulikuwapo sisi: mimi Wilondja, mkubwa wa watoto; dada yangu Asukulu anayenifuata; mdogo wetu Mmunga; na Riziki, wa mwisho, ambaye bado alikuwa akilala na kidole mdomoni. Kutoka Lubondja alikuwa amekuja baba mkubwa, kaka wa marehemu baba. Kutoka Lulimba, mjomba. Kutoka Fizi, juu mlimani, shangazi, na kikapu chake cha maharage. Na chini ya gari letu, nyayo zake mbili tu zikionekana, viatu vimepangwa kando ya mkeka, alikuwapo mtu ninayetaka kumwandika hapa.

Wazee hao watatu hawakuja kusalimia. Walikuja kutugawa. Baba alikuwa amekufa, mama alikuwa amemtangulia, matanga yalikuwa yamekwisha. Asukulu angekwenda kwa shangazi, Mmunga kwa mjomba huko kwenye machimbo ya dhahabu, Riziki Lubondja. Mimi ningebaki na nyumba. Hawakuwa na ubaya moyoni. Waliona watoto wanne na gari bovu, na walifikiri kama mtu yeyote mwenye akili angefikiri. Kitu kimoja tu kilisimama kati yetu na mgawo huo, nacho kilikuwa gari lile. Likipanda Fizi na mizigo ya samaki, tutakula na tutabaki pamoja. Lisipopanda, basi.

Aliyelala chini yake, Baraka yote ilimwita Mashinisti, kwa sababu ujana wake wote aliumaliza katika chumba cha injini cha meli za ziwani, kati ya Uvira, Albertville na Kigoma. Alikuwa na jina lake la ubatizo, lakini nililisikia mara moja tu, siku ambayo mwenyewe hakuweza kuitika. Kwetu alikuwa Papa Mashinisti, jirani wa nyuma ya ua, mwenye shamba dogo la vitunguu vilivyopandwa kwa mistari iliyonyooka hivi kwamba mama yetu alikuwa akisema vitunguu vile vinaogopa kuota.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana na masikio makubwa. Masikio hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Baiskeli ikipita njiani, aliinua kichwa kutoka kwenye vitunguu na kusema, "Mwenye hii baiskeli atatembea kwa mguu kesho." Na kweli kesho yake ungemwona mwenye baiskeli anakuja ameishika mkononi. Akitaka kusikia injini vizuri, alichukua mwiko wa kusongea bugali, akaweka ncha moja kwenye chuma na nyingine sikioni, akafumba macho. Mwiko ule ule aliupeleka jikoni jioni, akasonga nao. Shangazi yangu alipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza, alikataa kula kwake, akasema tumbo lake si gereji.

Lakini mtu huyo huyo wa mwiko mmoja hakugusa mashine bila kunawa. Mafundi wengine hunawa wakimaliza. Yeye alinawa kabla, kwa sabuni, hadi viwiko, na baada ya kazi alijifuta tu kwenye suruali. Nilimwuliza sababu.

"Uchafu yangu njo yangu," alinijibu. "Mashine haina kosa yoyote."

Vyombo vyake vya kazi hakumwazima mtu. Ungeweza kuja na machozi, ungeweza kuja na kuku, hakukupa. "Ufunguo yangu haitembei bila mi. Kama unaitaka, unitake na mi." Basi ukimchukua, alikuja mwenyewe na kubaki kwako hadi jua linazama kwa ajili ya msumari mmoja wa baiskeli, na hakudai kitu. Nguvu zake alizigawa bila kufikiri, ila chumvi. Chumvi aliigawa kama dawa, chembe kwa chembe, huku akikutazama usoni kuona kama kweli unaumwa. Asukulu alikuwa akitumwa kwake kuomba chumvi kwa ajili ya mchezo tu, turudi tucheke.

Jumapili alikwenda kwa Waprotestanti kwa sababu ya nyimbo, halafu akapita kwa Wakatoliki kwa sababu kengele yao aliitengeneza yeye, naye alitaka kusikia kama bado inalia sawasawa. Mchungaji alimkemea kwa jambo hilo, padri pia. Aliwajibu wote wawili kwamba Mungu hajamwambia lolote.

Kuhusu ziwa, alikuwa kichekesho cha mji mzima. Alikula miaka yake yote juu ya maji, lakini hakuoga ziwani wala hakufika ufukoni. Maji yake yaliletwa kwa ndoo na watoto. Wavuvi wakimtania, "Mashinisti, kuya tuvue!" yeye alijibu kutoka mbali, "Mi nilikuwa ndani ya meli, sikukuwa ndani ya maji. Hiyo ni mambo mbili." Mimi peke yangu, naamini, alinieleza sababu, tena mara moja. Bomba la mvuke lilipasuka humo chini, na mwenzake aliyesimama kando yake, aliyekuwa amebadilishana naye nafasi ili Mashinisti apate kunywa maji, aliungua. Siku aliyoacha kazi alikanyaga nchi kavu, akageuka, akaiambia meli kwa sauti kwamba hatapanda tena chombo chochote cha maji maadamu yu hai. Watu wa bandarini walidhani amelewa. Hakuwa mtu wa pombe.

Sasa niseme juu ya gari.

Baba alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa kigeni. Mfanyabiashara huyo aliporudi kwao, alimwachia baba gari lake la Kiamerika, refu kama mtumbwi, rangi yake ya kijani ikiwa imeanza kubanduka. Halikuwa na pedali ya tatu. Gia zilijibadilisha zenyewe ndani ya sanduku lake, na mguu wa kushoto wa dereva ulikaa bure. Kwa hiyo watu waliliita Mguu Moja. Baba aling'oa viti vya nyuma, akatia magunia ya ndagala kavu, na kwa miaka michache gari hilo la mabwana lilinuka samaki kutoka Baraka hadi soko la Fizi, likarudi na maharage na mihogo.

Baada ya mazishi nililiwasha mimi. Kwenye tambarare kando ya ziwa lilikwenda vizuri. Lilipoanza kupanda mlima, injini ilipandisha sauti kama mtu anayegombana, lakini gari lenyewe likabaki pale pale, kisha likaanza kurudi nyuma polepole na samaki wangu wote. Nilikanyaga breki, nikashusha magunia, nikageuza. Fundi mmoja aliyepita kutoka Usumbura aliangalia dirishani, akaniambia sanduku la namna ile halitengenezwi huku, linafungwa ndani ya kreti na kupelekwa mbali. Hata kreti yenyewe sikuwa na mbao zake.

Nilikwenda kwa Mashinisti. Alinawa mikono. Alikuja na mwiko. Aliniamuru nikanyage, niachilie, nikanyage. Halafu akalala chini kwa muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Papa, unaijua?"

"Mi sijaona bwati ya hivi tangu nizaliwe," alisema kutoka chini. "Lakini na yenyewe haijaniona. Tuko sawa."

Ile bwati, yaani sanduku la gia, aliniambia jinsi alivyolielewa, na tangu siku ile sijasikia maelezo mazuri zaidi. "Ndani iko ngoma ya chuma, inazunguka. Inje ya ngoma iko mukaba, kama mukanda ya suruali. Mukaba ikikamata ngoma, gari inaenda. Mukono yenye kuvuta ule mukaba si mukono ya muntu, ni mafuta. Mafuta ikipunguka, mukono inalegea, ngoma inazunguka bule. Njo maana motere inalia na gari inasimama. Bwati yako haijakufa, Wilo. Iko na njaa."

Mafuta yalikuwa yamevuja kidogo kidogo kupitia sinia la chini, mahali ambapo utepe wa kuzibia ulikuwa umekauka. Alikata utepe mpya kutoka kwenye aproni yake ya ngozi ya kazini, ile aliyoivaa melini, aliyoitundika ukutani kama wengine wanavyotundika picha. Alikata kwa wembe, akifuata ukingo wa sinia, ulimi umetoka nje kidogo. Aproni ikabaki na tundu kubwa la mstatili tumboni. Akaitundika tena vile vile.

Ikabaki kupata mafuta ya kujaza. Mafuta ya sanduku lile ni mepesi, mekundu, na hapa Baraka hakuna aliyekuwa nayo. Ndipo Mashinisti alipofanya kosa lake.

Sisi watu wa huku tunaishi kwa mawese. Tunapikia, tunajipaka, tunawasha taa nayo. Ni mekundu, yanateleza. Alisema tuchukue mawese yaliyotulia, tuchote sehemu ya juu tu, nyepesi, tuichuje kwa kitambaa, tuiache ile nzito chini. Asukulu alichuja mara nyingi hadi ikang'aa. Tukajaza. Nikawasha. Mguu Moja likapanda kilima cha kwanza, likapanda cha pili. Nilipiga honi hadi watu wa mashambani wakasimama kutazama. Nilifika Fizi, nikauza, nikala kwa shangazi, nikalala kama mtoto.

Asubuhi niliwasha injini, ikawaka. Nikaingiza gia. Hakuna kitu. Sikusikia hata ule mlio wa kuteleza. Gari lilikaa kama nyumba. Vijana wa sokoni walinisaidia kusukuma, wakicheka, mmoja akisema, "Hii mguu moja sasa imebaki bila mguu!" Nilikuwa karibu kulia. Basi mama mmoja muuza mawese, aliyekuwa ameketi na chupa zake mbele yake, aliniita.

"We kijana. Ndani ya gari yako ulitia nini?"

"Kwa nini, mama?"

"Inanuka jikoni yangu." Akainua chupa moja, akaipindua kichwa chini. Hakikudondoka kitu. Mawese yalikuwa yameganda, ya manjano na mazito, kama yanavyoganda kila asubuhi huko juu kwenye baridi, hata watu huweka chupa karibu na moto kabla ya kupika. "Yangu inalala mupaka jua ipande. Na yako iko inalala. Ukae hapa, unywe chai."

Nikakaa kando yake. Jua lilipopanda, akaipindua chupa yake, yakaanza kuteremka polepole. Akasema, "Sasa." Niliwasha, gari likaondoka. Soko zima likapiga makofi. Lakini nilipofika Baraka lilikuwa likiteleza vibaya kuliko mwanzo, maana yale mafuta mazito yalikuwa yameziba chujio la ndani. Na habari zilinitangulia. Kabla ya juma kwisha, wazee wetu wa Fizi, Lubondja na Lulimba walikuwa wamesikia kwamba gari la marehemu limekufa sokoni, na watoto wake hawana la kula.

Nilimweleza Mashinisti yote. Hakubisha. Aliuliza tu maswali juu ya ile chupa: iliganda kabisa au nusu? Ilikuwa na rangi gani? Ilichukua muda gani kuteremka? Aliuliza kama mtu anayesimuliwa juu ya nchi ya mbali. Kisha akaenda kwenye vitunguu vyake.

Kesho yake alipanda meli kwenda Albertville.

Niliambiwa na watoto wa ndoo, nikakimbia hadi ufukoni, nikakuta meli imekwisha kung'oa nanga. Walionekana abiria wamesimama pembeni wakipunga mikono. Katikati kabisa ya sitaha, mbali na kila ukingo, palikuwa na mtu mfupi ameketi juu ya sanduku, amejifunika blanketi kichwa na uso. Aliyekuwa kando yangu, mvuvi aliyezoea kumtania, alitazama pia. Hakutania.

Alirudi na kopo la mafuta mekundu. Alilipata kwa mtu wa zamani wa meli, kwa njia ambayo hakunieleza. Alitembea kutoka ufukoni amelibeba kifuani, na kitu cha kwanza alichosema mlangoni kwetu ni, "Muniletee chumvi. Nimetapika mupaka roho."

Ndiyo hiyo siku niliyoanza nayo, siku tuliyolifungua sanduku mara ya pili. Wazee walifika tukiwa katikati ya kazi.

Mashinisti alikuwa ameamuru ua umwagiwe maji ili vumbi lilale. Mkeka ulitandikwa. Kuku wote walifungwa miguu, maana alisema unyoya mmoja unatosha kuua sanduku lile. Jogoo mmoja alikataa kufungwa, na baba mkubwa alipoingia langoni na fimbo yake, kabla hajasalimu, sauti ilimtokea kutoka chini ya gari: "We mwenye viatu, kamata ule jogoo!" Baba mkubwa alimkamata. Hakupata mahali pa kumweka. Akaketi naye kwapani, na mkutano wote uliofuata, mkutano wa kuamua maisha yetu, aliuendesha akiwa na jogoo kwapani.

"Wilondja," alianza, "sisi ni wazazi wenu. Hatukukuya kuleta maneno. Lakini batoto habakuli gari. Baba yako aliacha chombo kizuri, na sasa nasikia ilitiwa mawese kama sufuria. Nani alitia mawese ndani ya gari ya ndugu yangu?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mimi, kwa kuwa kweli mikono yangu ndiyo iliyomimina. Lakini zile nyayo zilisogea. Mashinisti alijikokota kutoka chini ya gari, akasimama, mafuta yakimtiririka hadi kidevuni, akamkabili baba mkubwa.

"Ni mi," alisema. "Huyu kijana alifanya vile nilimwambia. Usimuhesabie."

"We? Fundi muzima?"

"Mi muzima. Nilikaa maisha yangu yote kandokando ya moto ya meli. Kule chini hakuna asubuhi, hakuna baridi. Katika maisha yangu sijaona mafuta inaganda. Kila mama wa Fizi anajua, na mi sikujua. Sasa najua." Akageukia shangazi. "Mama, we unaishi kule juu. Ni kweli inageuka ngumu mupaka unaweza kuipindua?"

"Ni kweli, papa," shangazi alisema, akishangaa. "Unaikata na kijiko."

"Na kijiko!" alisema Mashinisti, macho yake yakiwaka kama ya mtoto. Halafu akakumbuka mahali alipo. "Munipe leo tu. Jioni gari itapanda Fizi, italala kule kwenye baridi, na asubuhi itatoka. Isipotoka, mukamate batoto wenu, na mi nitabeba mizigo yao mupaka kwenye njia."

Mjomba wa Lulimba, ambaye hakupenda maneno mengi, alisema, "Ni sawa." Baba mkubwa alimtazama jogoo. Jogoo akamtazama. "Leo tu," alisema.

Kazi iliendelea mbele yao. Chujio lilikuwa ndani kabisa, na mkono wa Mashinisti ulikuwa mnene. Alimwita Asukulu. Dada yangu alinawa hadi viwiko kama alivyomwona akinawa, akaingiza mkono wake mwembamba, huo uliozoea kutoa matumbo ya samaki wadogo, akalitoa chujio likiwa limejaa uji wa manjano. Wakaliosha kwa mafuta ya taa hadi likaweza kuonyesha anga upande wa pili. Kisha Mashinisti akakaza skrubu inayovuta mkanda, ule mukaba wake. Aliikaza yote, akailegeza kidogo, akasikiliza kwa mwiko, akailegeza kidogo tena. Sinia likarudi, na ule utepe wa ngozi ya aproni. Mafuta mekundu yakaingia, na tone lililobaki kwenye kopo alilipaka kwenye kidole, akanusa, akafunga macho.

Tulipanda Fizi jioni hiyo, wote kasoro yeye. Alisema hawezi kupanda gari, kwa kuwa kiapo chake cha maji amekivunja juzi tu, hataki chombo kingine chini yake upesi hivyo. Wazee watatu walikaa nyuma juu ya magunia, baba mkubwa akisoma sala kila palipokuwa na kona. Gari lilipanda kama linavutwa na kamba. Tulilala kwa shangazi, kwenye baridi inayofanya meno yagongane. Asubuhi ukungu ulikuwa haujaondoka. Baba mkubwa alitoka amejifunika shuka, akasimama mbele ya gari. Niliwasha. Nikaingiza gia. Likaondoka, polepole, bila kelele, baba mkubwa akalazimika kuruka pembeni.

Alicheka peke yake kwa muda. Halafu akasema, "Batoto babaki." Akaongeza, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, "Na yule muntu wa mwiko, mumulipe vizuri."

Ndilo jambo nililoshindwa.

Nilimpelekea samaki, akawagawa. Nilimpelekea kitambaa cha suruali, akasema suruali yake bado inajua kujifuta mikono. Siku moja nilimkamata kwenye vitunguu, nikamwambia sitaondoka mpaka aseme anataka nini. Alifikiri.

"Unipeleke kule juu," alisema. "Asubuhi, kabla ya jua. Na chupa ya mawese. Nataka kuona na macho yangu. Ile kitu ilinishinda, na mi sijaionaka."

"Kesho, Papa!"

"Kesho niko na vitunguu."

Ilikuwa hivyo mara nyingi. Mara vitunguu, mara kengele ya Wakatoliki, mara mvua. Mguu Moja lilifanya kazi. Asukulu aliolewa kutoka nyumba yetu wenyewe, mahari yake ikapokelewa katika ua ule ule. Mmunga alimaliza shule ambayo mimi niliiacha. Riziki alikuja kuwa mtu mzima anayenikemea. Na kila nikimkumbusha, Mashinisti alicheka, akasema deni lake halina haraka, linakua vizuri kama kitunguu.

Mara ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa miaka ile. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Aliniita mwenyewe kupitia ua: "Wilo! Leo!" Nikadhani nimesikia vibaya. Nilimkuta mlangoni, amevaa koti, amenawa mikono hadi viwiko kama anayekwenda kazini. Chupa ya mawese alikuwa nayo, amechota ile ya juu, nyepesi, ameiziba kwa gunzi. Nilimsaidia kuketi mbele. Alishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, akafumba macho tulipopita karibu na ziwa, akayafungua tulipoliacha nyuma.

Alikuwa na furaha. Aliniuliza nani analima kile kilima, nani alijenga ile nyumba. Tukaanza kupanda. Alisogeza kichwa kidogo, upande wa sikio la kulia. Hakuwa na mwiko, lakini niliufahamu uso ule.

"Simamisha," alisema.

"Papa, gari inaenda vizuri."

"Motere inapanda mbele ya gari. Kidogo tu. We husikii, mi nasikia. Mukaba imeanza kulegea. Ukifika juu na mi, na mizigo, utarudi nyuma kwenye ile kona."

"Tutapanda polepole. Tumekaribia kuona Fizi."

"Wilo." Alinigusa mkono. "Hii gari inalisha watu wangapi sasa? Turudi. Baridi haiendi popote."

Nikageuza. Hadi leo sijui, kama angenisikiliza, ingekuwaje kwenye ile kona. Tulirudi Baraka, na ingawa nilimwomba apumzike, alinawa tena mikono, akalala chini ya gari na miguu yake iliyovimba, viatu vimepangwa kando ya mkeka. Alikaza, akalegeza kidogo, akasikiliza. Alipotoka nilimshika kwapani kumwinua, nikaona jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Sasa itapanda," alisema. "Wiki hii nipumzike, halafu tuende."

Wiki ile mvua kubwa ilikata barabara, na barabara ilipofunguliwa nilikuwa nimekwisha kulisikia jina lake la ubatizo, likisomwa kaburini.

Chupa aliisahau chini ya kiti. Sijaitoa. Kila nikipanda Fizi na kulala kwa shangazi, asubuhi kabla ya jua naichukua, naipindua kichwa chini, na mawese hayaanguki. Nikiteremka kuelekea ziwani, yanayeyuka yenyewe, na nikifika mbele ya ua wake huwa yamekwisha kuwa maji mekundu, kama hayajawahi kuganda.